Mfanyakazi ameomba kufanyia kazi nyumbani na jibu ni hapana: namna ya kumjibu

Mwongozo huu ni wa wenye biashara, mameneja na maafisa utumishi wa huku kwetu, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, wanaoendesha ofisi za watu watano, kumi na watano, thelathini. Ni ofisi ambazo anayejaza fomu za likizo ndiye huyohuyo anayenunua karatasi na kulipa LUKU. Maombi ya kufanyia kazi nyumbani yameshafika huku. Mengine utayakubali na hayatakusumbua. Mimi nazungumzia yale utakayoyakataa, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nasimamia utawala kwenye kampuni ya pembejeo Mbeya mjini. Mhasibu wetu msaidizi, dada mtulivu, mtu wa kuaminika na fedha, alinifuata kwenye ngazi saa mbili asubuhi, vitabu vya risiti kavikumbatia kifuani. Mama yake alikuwa amepata kiharusi huko Tukuyu na mchana hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Aliomba awe anafanyia kazi kule siku tatu kwa wiki. Mimi nilikuwa nakimbilia benki. Nikamjibu huku nashuka, "Dada, hapa kwetu hatuna utaratibu huo." Akasema, "Sawa, mama. Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Akapanda zake juu, nami nikatoka.

Mwezi wa tatu alileta notisi ya siku 28. Nikakaa chini kupanga nani ashike kazi zake, na kwa mara ya kwanza nikaziandika zote kwenye karatasi moja. Karibu nusu yake angeweza kuzifanya akiwa Tukuyu, na kompyuta yake na bando. Nusu nyingine kweli isingewezekana. Kwa hiyo kazi za kufanyia kule zisingejaza siku tatu alizoomba, ila mbili zingezijaza, na mimi nilimnyima zote bila kufungua hata daftari. Mpaka leo hilo linaniuma. Hatua zifuatazo nilizijifunza baada yake.

Hatua ya kwanza: pokea ombi, usilijibu papo hapo

Akikufuata kwenye ngazi, kwenye bajaji au kaunta, mwambie, "Nimekusikia. Niandikie, nitakujibu tarehe fulani." Taja tarehe yenyewe. Kwa ofisi ndogo wiki mbili zinatosha kabisa.

Kwenye barua yake unahitaji mambo manne: siku anazotaka, mahali atakapokuwa, kazi anazodhani atazifanya akiwa huko, na muda, yaani ni mwezi mmoja, ni msimu, au ni moja kwa moja. Sababu ya nyumbani ataitaja akipenda. Usimlazimishe kueleza ugonjwa wa mtu wa kwao ili apate kusikilizwa.

Kama si mtu wa kuandika barua, na wengi si watu wa barua, kaa naye uandike wewe, kisha umsomee alichokisema. Weka tarehe, wote wawili mtie sahihi. Ni kazi ya dakika kumi, na itazuia ule ubishi wa baadaye wa "mimi niliomba mbili, si tatu".

Hatua ya pili: ipasue kazi yake vipande vipande

Hii ndiyo hatua ndefu na ndiyo yenye faida, tena hata kama hakuna aliyeomba chochote. Usiifanye kichwani.

Chukua karatasi uandike kila kitu alichofanya wiki iliyopita. Usitumie barua ya ajira. Barua ya ajira itakwambia "kutunza kumbukumbu za fedha", na hilo halikusaidii kitu. Wiki iliyopita itakwambia kwamba Jumatatu alifungua sefu akahesabu mauzo ya Jumamosi, akaandika vocha tisa, akampigia simu wakala wa Vwawa anayedaiwa, akasubiri dereva wa Fuso alete hati ya mzigo, akamsaidia mkulima aliyesahau namba yake ya ruzuku. Mwombe yeye mwenyewe aanze kuorodhesha, halafu wewe ongeza anavyovisahau. Watu husahau vitu vinavyowachukua dakika tanotano, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyowafunga ofisini.

Kisha pita kila mstari na maswali haya. Je, kazi hii inahitaji kitu kisichotoka ofisini, kama sefu, mashine ya EFD ya kutolea risiti, muhuri, stoo, faili la karatasi? Inahitaji mtu aliyesimama mbele yake? Ina taarifa za watu ambazo hazifai kukaa sebuleni kwa mtu? Ina saa maalumu ambayo lazima umeme na mtandao viwepo?

Orodha ya yule dada ilikuwa hivi. Kuhesabu fedha na kufunga mauzo ya siku ni ofisini, kila siku, hakuna mjadala. Vocha na malipo ya taslimu, ofisini. Kupokea hati za mizigo, ofisini. Kupatanisha hesabu za benki, kama saa 6 kwa wiki, popote. Kuingiza ankara kwenye programu ya hesabu, saa 9, popote, ilimradi mtu wa ofisini azipige picha na kuzituma. Kufuatilia madeni kwa simu, saa 5, popote. Maandalizi ya ritani ya VAT, ambayo lazima iwe imeingia TRA kabla ya tarehe 20 kuisha, ukiyagawa kwa wiki ni kama saa 1, popote. Jumla saa 21. Sheria yetu inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, kwa hiyo saa 21 ni siku mbili na saa tatu juu. Siku ya tatu haikuwepo. Tena hata hizo mbili zingehitaji mtu mwingine afundishwe kuhesabu fedha za jioni.

Angalia karatasi hiyo inavyokupa jibu. Badala ya "hatuna utaratibu", ningemwambia, "Siku tatu haziwezekani kwa sababu ya sefu na vocha. Siku mbili zinawezekana tukimpata wa kufunga mauzo."

Sasa msimu. Huku Nyanda za Juu Kusini kazi hupanda na kushuka na mvua. Duka la pembejeo kuanzia Oktoba hadi Januari halina pumzi, kila mtu anataka mbegu na mbolea kabla mvua haijamkuta shambani. Kwa wa kahawa Mbozi kazi inakaza wakati wa kuvuna, katikati ya mwaka. Shule zina mitihani yao, wahasibu wana tarehe zao za TRA. Kazi isiyoweza kutoka ofisini mwezi wa Desemba huenda ikatoka mwezi wa Machi. Andika pembeni ya kila mstari, miezi gani ni lazima, miezi gani si lazima. Maombi mengi niliyoyakataa baadaye niliyakataa kwa miezi, si kwa mwaka mzima.

Kuhusu umeme na mtandao, usikisie. Utasikia mtu anasema kwa yakini kwamba Tukuyu mtandao mbovu, Makete ndio kabisa. Nyumba moja ina mtandao mzuri na ya jirani yake haina. Mwombe akiwa nyumbani mwishoni mwa wiki akupigie simu ya video saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, atume faili moja zito. Likifika, sababu yako ya mtandao imekufa, na ni vizuri umeijua mapema kuliko kuiandika kwenye barua halafu akakuonyesha kwamba si kweli.

Hatua ya tatu: ipime sababu yako kabla hujaitoa

Sababu ya kweli inatoka kwenye ile karatasi. Unaweza kuiweka mstari unaouonyesha kwa kidole. Zipo nyingine zinazotoka kwenye hofu, na hizi nazijua kwa sababu nimezitumia zote.

"Nitajuaje kama anafanya kazi?" Swali hili lina haki ya kuulizwa, ila jibu lake ni kuweka kipimo. Hesabu za benki zimepatanishwa ifikapo Ijumaa au hazijapatanishwa? Wadaiwa kumi wamepigiwa au hawajapigiwa? Kama huna namna ya kujua kazi yake imefanyika isipokuwa kumwona amekaa kitini, basi hata ofisini huijui. Hilo litengeneze kwanza, kwa wafanyakazi wote.

"Nikimpa yeye, wote wataomba." Waombe. Keshia ataomba, utafungua karatasi yake na utakuta kazi zake zote ziko kaunta. Mlinzi hataomba. Ukiwa na sababu inayotokana na kazi, kumkubalia mmoja hakukufungi mikono kwa mwingine.

"Hatujawahi." Hii ndiyo niliyoitoa kwenye ngazi. Haina kitu ndani.

Kuna sababu nzito ambazo watu hawazitaji ingawa ndizo za kweli. Mfanyakazi mpya anayejifunza kwa kukaa karibu na mwenzake. Kazi inayotegemea watu wawili kukaguana, mmoja aandike vocha na mwingine aidhinishe. Taarifa za wateja: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ofisi yako inawajibika kulinda majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya watu, na faili la wateja likipotea kwenye basi la Kyela, anayeulizwa ni wewe uliyeruhusu litoke. Kama hiyo ndiyo sababu, itaje hivyo hivyo.

Uingereza walilitungia jambo hili sheria, na mimi orodha yao naitumia kama chujio. Kule, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba kubadilishiwa namna ya kufanya kazi tangu siku yake ya kwanza kazini, mara mbili ndani ya miezi 12. Mwajiri hawezi kukataa bila kwanza kushauriana naye, lazima amalize ndani ya miezi miwili, na akikataa ni kwa sababu nane tu: gharama za ziada, kushindwa kupanga upya kazi kwa waliopo, kushindwa kuajiri wengine, kushuka kwa ubora wa kazi, kushuka kwa utendaji, kushindwa kuwahudumia wateja, kukosekana kwa kazi kwenye saa anazotaka, au mabadiliko ya muundo yaliyokwisha kupangwa. Sheria hiyo si yetu na haitufungi. Ila chukua sababu yako uiweke kwenye orodha hiyo. Ikikosa pa kukaa, rudi hatua ya pili.

Hatua ya nne: soma mkataba na sheria kabla hujasema neno

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haimpi mfanyakazi wa Tanzania haki ya kudai afanyie kazi nyumbani. Hivyo uamuzi ni wako. Lakini kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, mahali pa kazi. Kifungu cha 15 kinataka maelezo ya maandishi anayopewa mfanyakazi yataje, pamoja na mengine, kazi yake, mahali pa kazi na saa za kazi. Yakibadilika, mwajiri anashauriana naye, anarekebisha maandishi na kumjulisha. Kwa hiyo ukimkubalia hata sehemu, usiliache mdomoni.

La pili, ubaguzi. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa misingi mingi, ikiwemo jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya VVU, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Hili lina uzito hapa kwa sababu wengi wanaoomba ni wanaolea au wanaouguza. Ukimkubalia kijana asiye na mtoto na ukamkatalia mama wa kazi ileile kwa kuwa "atakuwa anabembeleza mtoto", umeingia pabaya. Angalia umewakubalia nani huko nyuma na kwa nini.

La tatu, huenda anachoomba ana haki nacho kwa jina lingine. Anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda wa kumnyonyesha mtoto, hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Anayeumwa ana likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nimeona mtu anayeumwa mgongo akiomba afanyie kazi kitandani kwa kuogopa kuomba likizo ya ugonjwa. Huyo usimkatalie ukaishia hapo, mwambie haki yake. Likizo ya mwaka ni siku 28, uliza amebakiza ngapi.

La nne, fupi: kama anafanyia kazi nyumbani tayari kwa miezi kadhaa na bosi aliyepita alimruhusu, unachofanya wewe ni kumwondolea mpango aliokuwa nao. Hapo shauriana naye kwa uangalifu zaidi na umpe muda wa kujipanga. Mambo kama haya ndiyo yanayofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatua ya tano: mwite mzungumze kabla hujaamua

Mwite ofisini, mlango ufungwe, simu zikae kimya. Isiwe kaunta, isiwe kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi, na isiwe saa kumi na moja jioni wakati daladala la mwisho la kwao linaondoka. Kama amekuzidi umri, toa shikamoo yako kama siku zote. Na usimtume karani kijana ampelekee mzee wa ofisi bahasha ya kukataliwa. Nenda mwenyewe.

Weka ile karatasi katikati ya meza, asome. Mazungumzo yangu na kijana wa mauzo ambaye mke wake alikuwa amejifungua mapacha yalikwenda hivi. Likizo yake ya uzazi, siku 3, ilikuwa imekwisha zamani, na aliomba Jumanne na Alhamisi awe nyumbani Uyole.

"Kaa, baba mapacha. Watoto wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri, mama, ila hatulali."

"Pole. Ombi lako nimelisoma. Hii ni orodha ya kazi zako za wiki. Ipitie uniambie nilichokosea."

Alisoma kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Hii ya kupanga oda za mawakala si ya ofisini. Naifanya kwenye simu hata sasa hivi."

Alikuwa sahihi, nikaurekebisha mbele yake. Kisha nikamwonyesha mistari ya kaunta na upakiaji. "Hizi mpaka Januari zinataka watu wawili. Ukitoka, anabaki mmoja. Nimezungusha zamu mara tatu, sijapata njia. Wewe unaiona?"

Uliza swali hilo kwa kumaanisha. Yeye anaijua kazi yake kuliko wewe na anaweza kuwa na njia usiyoiona. Kijana wangu alifikiri, akasema haioni kwa sasa, ila kinachomwua ni asubuhi, kwa sababu mke anabaki na watoto wawili tangu saa kumi na mbili na dada wa kuwasaidia anafika saa tatu. Hilo barua yake haikulisema. Aliomba siku mbili nzima nyumbani wakati shida yenyewe ilikuwa ya saa chache tu, asubuhi. Tungeishia kwenye barua nisingelijua.

Kwa hiyo kabla ya kusema hapana, uliza ni kitu gani hasa kinachomsumbua. Pengine kinatibika kwa kuingia saa tatu badala ya saa mbili, kwa kubadilishana zamu, kwa kuhamia tawi la karibu na kwao, kwa likizo iliyogawanywa. Usitaje njia ambayo huna nia ya kuitoa. Mtu aliyekata tamaa hushika kila neno.

Akilia, mwache alie. Akikasirika, mwache aseme amalize. Usianze kumsimulia jinsi wewe ulivyomlea mtoto huku unafanya kazi.

Hatua ya sita: andika barua inayosema kitu

Iandike siku mbili tatu baada ya mazungumzo, isizidi tarehe uliyoahidi. Hii ndiyo niliyomwandikia kijana wa mapacha, unaweza kuibadilisha ikufae:

YAH: MAJIBU YA OMBI LAKO LA KUFANYIA KAZI NYUMBANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Tumepokea barua yako ya tarehe 3 Novemba, ambayo uliomba kufanyia kazi nyumbani Jumanne na Alhamisi kuanzia tarehe 1 Desemba. Tulizungumza nawe kuhusu ombi hilo tarehe 10 Novemba.

3. Ombi hilo halikukubaliwa. Hadi mwisho wa Januari wakulima wanaofuata mbegu na mbolea wanahudumiwa kaunta siku zote sita za wiki, na kaunta ina watu wawili. Ukiwa nyumbani atabaki mmoja, na mtu mmoja hawezi kutoa ankara na kusimamia upakiaji kwa wakati mmoja.

4. Tumekubaliana kwamba katika kipindi hicho utaingia kazini saa 3:30 asubuhi Jumanne na Alhamisi. Muda huo utaufidia kwa kufunga mauzo jioni za siku hizohizo.

5. Ombi lako litaangaliwa upya tarehe 16 Februari. Hutahitaji kuandika barua nyingine.

6. Kama hukubaliani na uamuzi huu, unaweza kumwandikia mkurugenzi ndani ya siku 14.

Hakuna "tunasikitika kukujulisha" ndefu, na hakuna "kwa sasa" isiyo na tarehe. Neno "kwa sasa" likiachwa peke yake linamfanya mtu asubiri miezi sita kitu ambacho wewe umeshakisahau. Kama jibu ni hapana ya moja kwa moja, kwa mfano kazi ya keshia, andika kwamba kazi hiyo haitaweza kufanyika nje ya ofisi, na uondoe kipengele cha kuangalia upya. Kumpa tumaini la uongo ni kumchelewesha kutafuta njia nyingine.

Sababu iwe moja au mbili. Ukiandika sita ataona unatafuta. Na sababu uliyoiandika iwe ileile uliyomwambia mezani.

Mkabidhi mkononi, akae na nakala, nyingine iingie kwenye jalada lake pamoja na ile karatasi ya kazi.

Hatua ya saba: baada ya barua

Miezi miwili mitatu inayofuata jichunge wewe. Mtu aliyekataliwa ataonekana mnyonge kidogo, na meneja mwenye wasiwasi huanza kumhesabia dakika za kuchelewa, kumnyima safari ya mafunzo Iringa, kumwandikia maneno kwenye upimaji wa mwisho wa mwaka. Kuomba si kosa. Asipoteze chochote kwa kuwa aliomba.

Wenzake watauliza. Sema tu, "Aliomba mabadiliko ya ratiba, tumezungumza naye." Ugonjwa wa mama yake, mapacha wake, ndoa yake, si vya kusimuliwa kwenye chai ya saa nne. Mbeya ni mji mkubwa lakini habari inatoka Mwanjelwa mpaka Iyunga kabla hujamaliza kikombe.

Kile ulichomwahidi kipengele cha nne kilinde kuliko hapana yenyewe. Ukimruhusu aingie saa tatu na nusu halafu bosi mkubwa akamfokea mlangoni saa tatu na dakika kumi, barua yako imekuwa karatasi tu. Mjulishe bosi, mjulishe mlinzi anayeandika daftari la mahudhurio, mjulishe mwenzake wa kaunta.

Na ile tarehe ya kuangalia upya iandike leo kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu, wiki moja kabla. Ikifika, mwite wewe, usingoje akukumbushe. Tarehe 16 Februari nilimwita yule kijana na karatasi yake ya kazi, ileile yenye alama ya kidole chake mstari wa nne. Msimu ulikuwa umepita. Tulipitia mistari tena, miwili ikahama kutoka safu ya ofisini kwenda safu ya popote, ikatimia siku moja. Alhamisi anafanyia kazi Uyole, oda za mawakala zinaingia kabla ya saa nane, na Jumanne anaingia saa mbili kama wenzake.